Tawi la Njia Panda

Walikuwa wameshakiacha kijiji cha Wema nyuma yao, na bado Mzee Jotham hakuwa ametoa neno jema hata moja.

"Mwendo gani huo?" alifoka bila kugeuka. "Mnatembea kama kaa waliofukuzwa shimoni. Jua likipanda mtanililia mimi. Kazeni miguu!"

Wanafunzi wakakaza miguu. Punda mwenye mitungi ya maji alikuwa mbele, kamba yake mkononi mwa Mzee Jotham. Nyuma yake msafara ulijinyoosha kwenye njia nyembamba katikati ya mahindi yaliyofika kiunoni. Umande ulilowesha soksi. Kisha mahindi yakaisha ukaanza mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa nchi nzima ya Tana, na hapo soksi zilizolowa zikaanza kuraruka.

Ilikuwa siku ya kwanza ya safari ya chama cha mazingira cha shule yao. Walitaka kuifuata njia ya kale, Wema hadi Garsen siku hiyo, na baadaye kushuka mpaka Chara. Njia hiyo ilikuwapo kabla ya lami. Watu waliishuka na mchele na mikeka, wakaipanda na chumvi na samaki wakavu. Vitabuni njia za kale hupita milimani. Huku mlima ni tuta la mchanga tu ambalo mafuriko hayalifikii, na watu wa zamani waliruka kutoka tuta hadi tuta wakiyakwepa matope. Mzee Jotham alikuwa akiipita tangu utoto wake, ndiyo maana shule ilimwomba awaongoze. Hakuna aliyemwomba acheke, naye hakucheka.

Jumwa alitembea karibu na mkia wa punda. Alikuwa gredi ya saba, mrefu, mwenye miguu isiyochoka upesi. Baba yake, Baya, alikataa kabisa asije, kwa kuwa palizi lilikuwa halijaisha. Mwalimu Beryl alikwenda kwao mara mbili kumwombea. Mara ya pili Baya alikubali, lakini alimwita Jumwa pembeni.

"Nasikia na yule Tamar anakwenda," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Basi sikiliza. Sisi tulitoka Magarini tukiwa mikono mitupu. Shamba tunalolima ni la babu yake. Mtoto wa mwenye shamba hagombwi. Akikukanyaga, uombe radhi wewe. Umenisikia?"

Jumwa alisikia. Sikio lilisikia, moyo ulikuwa na mambo yake.

Walipofika njia panda ya kwanza, Mzee Jotham alisimamisha punda. Alivunja tawi bichi la mti wa mswaki, akalilaza juu ya njia ya kushoto, kisha akawageukia.

"Nitasema mara moja. Njia iliyolaliwa na tawi bichi imefungwa. Aliye nyuma akiona tawi, hapiti, hata kama ng'ambo anaitwa na mama yake. Hivi ndivyo watu wengi walivyotembea bila kupotezana. Na anayefunga ni mmoja tu. Akishafunga, mwingine hagusi. Zamani aliyehamisha tawi alifukuzwa msafarani palepale, iwe mchana, iwe kuna simba. Na mimi ni mtu wa zamani."

Aliwatazama mmoja mmoja, macho yakatua kwa Jumwa.

"Wewe mrefu. Jina?"

"Jumwa wa Baya."

"Una miguu. Utafunga njia leo. Nikikwambia funga hii, unafunga, halafu unakimbia unatufikia."

Minong'ono ikapita. Tamar, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, aliinuka wima.

"Mzee Jotham, huyu? Huyu afunge njia yetu?"

"Njia yenu na nani?"

"Si ni ya Wapokomo? Mababu zetu waliitembea hii kwa miguu. Mababu zake walishuka kwenye basi pale Garsen, wakauliza, 'Jamani, mashamba yanagawiwa wapi?'"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Dan, binamu yake Tamar wa gredi ya tano, alicheka mpaka akashika magoti. Jumwa alimtazama Mzee Jotham, akitumaini atamkemea Tamar. Lakini aliona midomo ya mzee imevutika upande mmoja. Mtu ambaye tangu alfajiri hakucheka, kicheko chake cha kwanza kilikuwa hicho.

"Hata hilo shamba lenu," Tamar aliongeza, alipoona kicheko kimemnogea, "ni la babu. Siku akiamka vibaya mtarudi mlikotoka."

"Tamar!" Mwalimu Beryl aliita kutoka nyuma. "Yatosha. Mwombe mwenzako radhi."

"Pole," Tamar alisema, kama mtu anayetema kokwa. "Lakini mimi kisogo cha mgeni sikifuati. Nitatembea nyuma na wewe, Mwalimu. Dan, njoo."

Jumwa alikumbuka maneno ya baba yake, akayameza yake, akarudi karibu na mkia wa punda.

Jua lilipopanda, msafara ulikatika vipande viwili. Mbele walikuwa Mzee Jotham, punda na wenye miguu myepesi. Nyuma alikuwa Mwalimu Beryl na waliochoka, maana msichana mmoja alikuwa amechubuka kisigino na kila hatua alikuwa analia. Ardhi nayo ilibadilika. Mchanga uliisha, ukaja udongo mweusi uliopasuka kama kigae, mgumu usioweka alama ya mguu wa mtu wala kwato. Upepo uliovuma ulikuwa wa moto. Ng'ombe walikuwa wamepita huko, na nzi wao walibaki kuwasubiri wapita njia.

Jumwa alifunga njia moja, akafunga nyingine. Kila mara alivunja tawi, akalilaza vizuri, akakimbia. Kazi hiyo angeipenda siku nyingine yoyote.

Wakafika mahali ambapo njia iligawanyika tena. Moja ilikuwa nyembamba, ikipanda tutani kwenye mikoma, ile mitende ya nyikani. Ya pili ilikuwa pana, iliyokanyagwa na ng'ombe miaka mingi, ikishuka taratibu kwenye majani ya kijani.

"Funga hiyo pana," Mzee Jotham alisema.

"Inakwenda wapi, mzee?"

"Nimekwambia ufunge. Sikukwambia uulize." Akavuta punda, wakapanda tuta, wakapotea kwenye mikoma.

Jumwa alibaki peke yake. Alivunja tawi. Alisimama nalo mkononi, jasho likimchuruzika, na kile kicheko cha asubuhi kikamrudia masikioni. Aliitazama njia pana. Ilikuwa nzuri, laini, ya kuvutia. Bila shaka ilizunguka tu halafu ikarudi kwenye tuta mbele huko. Ndivyo zilivyokuwa njia zote za ng'ombe kule kwao.

"Njia ya mababu zako, eh?" alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu. "Haya. Tuone kama itakujua."

Akalilaza tawi kwenye ile nyembamba, ya tutani. Tamar angezunguka juani, angefika wa mwisho, hoi, vumbi mpaka kwenye kope, na wote wangemwona. Jumwa aliruka tawi lake mwenyewe, akakimbia kuwafuata wenzake.

Walipumzika chini ya mikoma, ng'ambo ya tuta. Mzee Jotham aligawa maji kikombe kikombe. Jumwa alipokea chake, akakinywa nusu, nusu ikamshinda. Alikuwa amemkumbuka Mwalimu Beryl. Tamar hakuwa peke yake kule nyuma. Mwalimu naye angezungushwa juani, na yule msichana wa kisigino, na wengine ambao hawakuwa wamemtukana mtu. Ilikuwaje hakuliwaza hilo? Hasira ni kama moshi: unaliona lile tu lililo karibu na pua.

"Mzee, naenda haja," alisema.

"Usikae. Na angalia nyoka."

Alipofika kwenye vichaka aliacha kutembea, akakimbia. Alishuka tuta mbio mpaka njia panda. Tawi lilikuwa palepale alipoliacha. Hapakuwa na mtu. Kwa mbali, nyuma kabisa, alisikia sauti ya Mwalimu Beryl akiwaimbisha watoto wasilie. Jumwa alihema. Hawajafika! Alilinyakua tawi, akalilaza kwenye njia pana kama alivyoagizwa tangu mwanzo, akalitengeneza majani yake, akarudi mbio.

Safari hii maji yalipita kooni. Kosa lilikuwa limefutika, na hakuna aliyelijua. Aliapa moyoni kwamba hatarudia, akajiona ni mtu mwema tena.

Mwalimu Beryl na waliochoka walifika baadaye, wakiwa wamemwinua yule msichana makwapani. Mwalimu alikaa chini kwa kishindo, akafuta uso na leso, akaangaza huku na huku.

"Tamar na Dan wako wapi?"

Aliwahesabu waliokuwa chini ya mikoma, akarudia kuwahesabu.

"Niliwatuma mbele kitambo. Maji yetu yalikwisha, nikawaambia wakimbie wamwambie Mzee Jotham arudishe punda. Nikasubiri, punda haji. Nikadhani mmekataa kumrudisha."

"Hapa hawakufika," Mzee Jotham alisema.

"Watakosaje kufika? Njia ni moja."

"Ndiyo nasema, hawakufika!"

Jumwa alielewa. Tamar na Dan walikuwa wamepita kabla yeye hajarudi. Walilikuta tawi tutani, wakafuata njia pana. Na sasa tawi lilikuwa mahali pake, safi, kama shahidi aliyefundishwa kusema uongo.

Mwalimu Beryl alijaribu simu. Huko mtandao haushiki. Mzee Jotham alishuka mwenyewe hadi njia panda, wote wakimfuata, akalitazama tawi kwenye njia pana.

"Hii imefungwa sawa," alisema. "Basi hawakupotelea hapa. Watakuwa walikata kwenda mtoni kunywa maji, upande ule mwingine." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kila mtu alijua kuwa mtoni mna mamba.

Jumwa alijaribu kupita katikati. "Labda... labda walifuata hii pana, mzee."

"Una masikio? Imefungwa! Tamar ni mtoto wa huku. Mtoto wa huku hakanyagi njia iliyofungwa, hata umfukuze na nyuki. Usinipotezee wakati."

Hapo ndipo ng'ombe walipotokea, vumbi likiwatangulia. Nyuma yao alikuja mwanamume mwembamba mwenye kikoi na fimbo begani, na vijana wawili pamoja naye. Alikuwa Jibril, mfugaji wa Kiorma ambaye malisho yake yalikuwa pande hizo. Mzee Jotham hakumsalimu.

"Wewe! Ng'ombe wako wamepita wapi leo? Watoto wetu wamepotea. Umewaswaga nje ya njia!"

Jibril alisimama. "Hata salamu hakuna?"

"Nimekuuliza watoto!"

"Mimi naona ng'ombe. Watoto sijaona. Nyinyi watu wa mashamba, kila kitu ikipotea ni Jibril. Mahindi ikiliwa, Jibril. Mtumbwi ikikatika kamba, Jibril. Leo watoto, pia Jibril?"

"Mwongo mkubwa!"

"Mzee, mimi nina mvi kama wewe. Usiniite hivyo mbele ya vijana yangu."

Mzee Jotham alikuwa na panga kiunoni la kukatia miiba. Mkono wake ulikwenda kwenye mpini. Vijana wa Jibril walishusha fimbo zao mabegani, wakasogea. Watoto wakaanza kulia. Mwalimu Beryl alijitia katikati, mikono ameinyoosha huku na huku. "Jamani! Jamani, tunatafuta watoto hapa au tunatafuta maiti?" Hakuna aliyemsikiliza.

Jumwa alipiga hesabu. Akisema, atafukuzwa msafarani. Hilo dogo. Babu yake Tamar atasikia, na shamba litakwenda, na baba yake atabeba jembe na watoto wake kurudi Magarini, na kila mtu wa Wema atasema, Hao ndio tulioambiwa tuwakaribishe. Asiposema, watu hawa watakatana hapa kwa ajili ya jambo ambalo hata mmoja wao hakulitenda. Na Tamar na Dan wako kule chini, bila maji, na hakuna atakayekwenda kuwaangalia, kwa kuwa njia imefungwa sawa.

"Ni mimi!" alipiga kelele.

Hawakugeuka. Akaenda akalikamata lile tawi, akaliinua juu kwa mikono miwili.

"Ni mimi! Nililihamisha! Nilifunga ya tutani ili Tamar apotee, halafu nikarudi nikalihamisha tena. Wamepita hapa. Wamepita njia hii pana! Si ng'ombe, si mtu. Ni mimi."

Mzee Jotham aliliacha panga, akamwendea Jumwa na mkono umeinuka. Mwalimu Beryl aliudaka ule mkono.

"Baadaye," alisema.

Jibril alikuwa anaitazama njia pana. "Hii malka?" aliuliza taratibu. Malka ni njia ya ng'ombe ya kushukia majini. "Hii imekufa. Mto umehama, imeacha matope tu. Juu ngumu, chini uji. Ng'ombe yangu imezama huko, mbili, tukaziona pembe tu." Akawapigia kelele vijana wake kwa Kiorma wabaki na mifugo. "Leteni kamba ya punda. Mbio!"

Walikimbia. Mzee Jotham, Jibril, Mwalimu Beryl. Na Jumwa nyuma yao, hakuna aliyemwambia aje wala abaki. Njia pana iliteremka, majani yakazidi kuwa ya kijani, na harufu ya kuoza ikawapokea. Wakasikia sauti. Haikuwa sauti ya kuita tena, ilikuwa mkwaruzo tu, kama mlango mkavu.

Alikuwa Dan. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya ukoko mkavu wa udongo, mkono ameunyoosha, amemshika Tamar vidole. Tamar alikuwa ndani ya matope mpaka kifuani. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Jua lilikuwa linawapiga wote wawili utosini.

"Usisogee, kijana!" Jibril alimwambia Dan. "Ulale hivyo hivyo."

Mzee Jotham alikata makuti ya mikindu, akayatandaza juu ya ukoko. Jibril alilala kifudifudi juu yake, akajikokota mbele kama kenge, kamba mkononi. Ukoko ulilia chini ya kifua chake.

"Shika miguu yangu, mzee!"

"Nimeshika."

"Shika kabisa! Usiniache kwa sababu ya mahindi!"

"Nyamaza uvute, wewe!"

Walimpitisha Dan kwanza, Mwalimu Beryl akampokea. Kisha Jibril alimzungushia Tamar kamba makwapani. Wakavuta. Matope yalikataa. Wakavuta tena, Mzee Jotham akiwa amechimbia visigino ardhini, mishipa ya shingo imemtoka. Jumwa naye akaishika kamba nyuma yake, na mzee hakuwa na nafasi ya kumfukuza. Mara tope likatoa mlio mnene na Tamar akateleza juu ya makuti, bila viatu, mweusi kuanzia kifuani hadi miguuni.

Walimpa maji kidogo kidogo. Alipoweza kusema, alimwambia Mzee Jotham, "Ya tutani ilikuwa imefungwa. Tawi nililiona kwa macho yangu. Sikukosea."

"Hukukosea," mzee alisema.

"Niliweka mimi," Jumwa alisema. "Kwa makusudi."

Tamar aliokota donge la tope, akamrushia, likampata usoni. Jumwa hakulifuta.

"Atoke," Mzee Jotham alisema. "Nilisema asubuhi. Aliyehamisha tawi haendi nasi. Ashike njia yake."

"Msafara wote unakwisha leo Garsen," Mwalimu Beryl alijibu. "Hakuna anayeendelea Chara. Na mtoto simwachi nyikani, mzee. Zamani mlifanya mlivyofanya. Mimi leo nina wazazi wa kuwajibu. Na tukianza kufukuzana, nitauliza pia kwa nini aliyeuliza njia inakwenda wapi hakujibiwa, na nani alicheka asubuhi."

Mzee Jotham akaenda kumsaidia Jibril kukunja kamba.

Mwalimu Beryl alimwita Jumwa, wakasimama kando. Hakumpigia kelele. Jumwa alitamani angempigia.

"Unajua kosa lako?"

"Nilihamisha tawi, Mwalimu."

"Hilo ni la kwanza. Ulitukanwa, ukakasirika, ukalipiza kwa kitu ambacho watu wamekitegemea kwa uhai wao. Ni kosa kubwa. Lakini la pili ni kubwa zaidi, nalo unalidhania ni wema. Ulipolirudisha."

"Nilitaka kurekebisha."

"Ungeliacha pale ulipoliweka, mimi ningepita njia hiyohiyo, ningewakuta upesi. Au ungelirudisha ukasema, tungewakuta upesi. Wewe ulilirudisha ukanyamaza. Ulitufutia alama. Sikiliza, Jumwa, na hili uwaambie na wenzako. Kosa likirekebishwa kwa siri halijarekebishwa, limefunikwa. Aliyeumia anabaki humo chini ya kifuniko, na watu wengine wanaanza kushikiana mapanga juu yake. Kurekebisha huanza na mdomo. Unasema kwanza, ndipo unarekebisha."

"Nimesema, Mwalimu."

"Umesema. Umechelewa, lakini umesema, na ulikuwa na mengi ya kupoteza. Ndiyo maana wale wawili wanapumua. Sasa twende. Na nyumbani utasema tena, wewe mwenyewe, si mimi."

Wakaingia Garsen kabla jua halijatua, wachafu, hakuna anayemtazama mwenzake.

Dan alilazwa hospitalini akatiwa maji mwilini, akatoka kesho yake. Tamar alichechemea kwa muda, akapona.

Jumwa alimwambia baba yake yote. Baya hakumpiga. Alivaa shati, wakaenda pamoja kwa babu yake Tamar, na Jumwa akasema tena. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, akasema watamlimia bure kipande chake cha mtoni mpaka mavuno. Walikilima. Shamba hakuwanyang'anya, na chai hakuwapa.

Chama cha mazingira kilikwenda Chara likizo iliyofuata. Jumwa hakuruhusiwa. Ameruhusiwa mwaka huu.

Mzee Jotham bado anaongoza. Kila akifunga njia sasa anasema inakwenda wapi na kuna nini. Jibril alileta miiba, wakaiziba ile malka pamoja. Siku hizi husalimiana, ingawa juu ya mahindi bado hugombana.

Tamar na Jumwa wako darasa moja. Hawajawa marafiki. Dan yuko gredi ya sita.